Tairi la Frank Lockhart

Leo nikupe habari ya kijana mmoja Mmarekani, Frank Lockhart, dereva wa magari ya mbio.

Mwaka 1926 alifika Indianapolis bila gari la kushindana. Dereva mwingine, Peter Kreis, akaugua, naye Lockhart akapewa usukani. Hajawahi kukimbia mashindano yale ya maili 500. Mvua ikayakatiza kwenye maili 400, na aliyekuwa mbele ni yule mgeni. Hebu fikiria! Mwaka uliofuata aliongoza tena hadi injini ikamharibikia.

Kisha akataka kuwa na kasi kuliko watu wote duniani. Wakaunda gari jembamba, Stutz Black Hawk, la silinda 16. Februari 1928 akalikimbiza kwenye mchanga wa Daytona Beach, Florida. Likamshinda, likaingia baharini. Watu wakamtoa akiwa hai. Mpendwa, wewe ungeleta sadaka ya shukrani na hilo gari usiliguse tena. Yeye akalitengeneza. Mwezi Aprili Ray Keech akaweka rekodi pale pale, zaidi ya maili 207 kwa saa. Siku tatu baadaye, tarehe 25, Lockhart akarudi mchangani. Tairi la nyuma likapasuka. Alikuwa na miaka 25.

Nilisoma habari hii usiku, nikatafuta namna ya kumlaumu, nikakosa.

Unakumbuka ushuhuda wangu wa mwezi jana? Sikuwaambia yote. Kabla ya safari, fundi aliinama akashika matairi yangu ya nyuma, akasema, "Pasta, haya yamekuwa kipara." Nikamjibu tuko na krusedi Ijumaa, nitayabadilisha nikirudi. Pesa nilikuwa nayo. Karibu na Gilgil moja likapasuka, gari likayumba hadi upande wa malori. Mama watoto alikuwa kando yangu. Tuliposhuka hakusema neno, alishikilia tu mlango, mikono ikitetemeka.

Jumapili nikasimama madhabahuni nikawaambia jinsi adui alivyotushambulia barabarani. Mkapiga makofi, mkaimba.

Mpendwa, hakuwa adui. Nilikuwa nimeambiwa. Naomba unisamehe.

Yule fundi ni mshirika wetu. Siku ile alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango, na nilimwona hakupiga makofi.