Stakabadhi Ndani ya Fundo la Khanga

Nilizaliwa Ujiji, mtaa wa Kasingirima, mwaka 1953, na kitu cha kwanza ninachokikumbuka kuhusu serikali ni toroli. Baba alikuwa kibarua wa afya. Alfajiri alitoka na wenzake, majembe begani, kwenda kuzibua mitaro inayoshusha maji ya mvua ziwani na kupiga dawa madimbwi. Kazi ile ilikuwa ya baraza la hapo hapo. Mtu akiona mtaro umeziba mlangoni kwake, alijua nyumba ya diwani iko wapi. Alikwenda, akapiga hodi, akalalamika, na kesho yake baba alikuwa pale na toroli lake.

Julai 1972 yakaja Madaraka Mikoani. Mabaraza ya wilaya yakavunjwa, ya miji yakafuata, na kazi zao zikashikwa na maofisa wa mkoa na wilaya waliotumwa na serikali kuu. Mkutanoni tulielezwa kwamba nia ni kuwasogezea wananchi madaraka, na naamini waliosema hivyo walikusudia hivyo. Baba hakupoteza kazi wala mshahara. Ila gurudumu la toroli lilipovunjika, barua iliandikwa, ikapanda ngazi kuomba kifungu, na jibu halikurudi hadi mvua zikakatika. Naliona bado toroli lile machoni, limeegemezwa kwenye mwembe wa uani kwetu, limeshika kutu, kuku ametagia ndani. Baba akawa anabeba taka kwa karai. Mwaka 1977, kipindupindu kilipoanzia Rufiji na kusambaa nchini, alikuwa bado na karai kichwani.

Miji ilirudishiwa mabaraza yake mwaka 1978, na hofu ya ugonjwa ule ilichangia. Wilaya zilisubiri hadi 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, akihojiwa na jarida moja la nje, alikiri kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Habari ile iliponifikia nilimweleza baba, wakati huo mzee wa kukaa barazani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Afadhali amesema mwenyewe.”

Mimi niliajiriwa mwaka huo wa 1984, karani wa ushuru, katika mojawapo ya halmashauri za ukanda wetu wa ziwa. Sitaitaja, maana niliofanya nao kazi wengine wako hai na wana wajukuu. Nilipangiwa mwalo ulioko kusini, safari ya usiku mzima kwa boti kutoka Ujiji.

Kila alfajiri isiyokuwa na mbalamwezi usiku wake, vipe, yaani mitumbwi ya dagaa, viliingia na karabai bado zinavuma. Dagaa wakamwagwa kwenye makarai, weupe kama fedha iliyotoka kusuguliwa, na akina mama wakaanza kubishana bei kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Meza yangu ilikuwa chini ya mkuyu mkubwa. Kitabu cha stakabadhi kilikuwa na nakala tatu: ya kwanza ya mlipaji, ya pili ya ofisi, ya tatu haichomoki kitabuni. Kaboni ililowa umande na mafuta ya samaki, na hadi saa tatu vidole vyangu vilikuwa vya bluu. Watu waliniita Bwana Ushuru.

Ushuru wa samaki haukuwa na matata. Shida ilikuwa kodi ya maendeleo, iliyomdai kila mtu mzima mwaka hadi mwaka. Kodi ya kichwa ilikuwa imefutwa mwaka 1969, kwa hiyo vijana hawakuijua, na wazee walioijua walisema hii ni ile ile imevaa kanzu mpya. Wengi hawakulipa. Basi tukatumwa usiku.

Kuna usiku mmoja haujanitoka. Tulifika kijijini na mgambo kama saa nane. Mbwa walibweka, milango ikafunguliwa kwa nyuma, na kabla hatujavuka kijito wanaume wote walikuwa wamekwishaingia majini. Mbalamwezi ilikuwa kali. Niliwaona wazi ndani ya mitumbwi, hatua mia hivi kutoka ufukweni, kasia zimelazwa, hakuna anayesema neno. Wake zao walisimama mchangani na watoto mgongoni, wakitutazama sisi, si ziwa. Tulikaa hivyo hadi kukapambazuka. Watu niliokuwa nikiwawinda ndio hao niliokuwa nikiamkiana nao kila asubuhi mezani, wakinihesabia sarafu za ushuru bila kusukumwa. Asubuhi ile nilijumlisha posho za mgambo na mafuta ya boti, nikaona safari yetu imekula zaidi ya ilichokusanya. Niliandika hesabu hiyo kwenye taarifa. Sikuulizwa kitu, na mwezi uliofuata tulitumwa tena.

Katika mwalo ule alikuwepo bibi mmoja, Mbembe, mjane, mchuuzi wa dagaa. Alilipa ushuru na alilipa kodi, hakukimbia hata mara moja, na kila mara aliniuliza swali lile lile akinyoosha mkono kupokea karatasi yake.

“Bwana Ushuru, hii inakwenda kufanya nini?”

“Maendeleo, bibi.”

“Maendeleo gani, mwanangu? Hayana jina?”

Sikuwa na jina la kumpa. Shule ya kijiji ilikuwa na vyumba viwili, darasa la tatu lilikaa chini ya mchikichi, na zahanati ya karibu ilikuwa safari ya boti. Aliikunja stakabadhi mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaenda zake kuanika dagaa.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kututaka tuchangie matibabu. Mwaka huo wakaja wakimbizi wa Burundi, na 1996 wa Kongo, ng'ambo ya ziwa letu wenyewe, wengine ndugu kabisa wa watu wa mwalo. Mimi nikapandishwa, nikawa mtendaji wa kata.

Kisha ukaja mwaka 2002. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza. Nchi nzima wanafunzi waliongezeka kutoka chini ya milioni 5 mwaka 2001 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Kwetu nilikiona kilichomo ndani ya hesabu hiyo: watoto wa darasa la kwanza wamejaa hadi madirishani, na mabinti wa miaka 12 wakijifunza herufi pamoja na wadogo zao. Kwa kila mwanafunzi serikali iliahidi ruzuku ya thamani ya dola 10 za Marekani kwa mwaka, na mbali na hiyo kulikuwa na fedha za kujenga madarasa. Jambo la ajabu kwangu, mtu niliyezoea fedha kupanda kwenda juu na kutoonekana tena, ni kwamba hizi ziliingia akaunti ya shule yenyewe. Kamati ya shule ndiyo iliyoziomba, kuzitoa na kuzitumia, na matumizi yalitakiwa yabandikwe ubaoni watu wayasome.

Mkutano wa kuchagua kiwanja ulifanyika chini ya ule mkuyu. Fundi alitaka madarasa yajengwe pale pale ufukweni, hatua chache kutoka boti zinapotua. Mimi nilimuunga mkono, tena kwa nguvu. Saruji, bati na mbao vyote vingekuja kwa maji, na kuvipandisha mlimani ni mwendo wa dakika ishirini na gharama juu yake. Nilikuwa na hesabu mkononi, na niliona jambo limekwisha.

Bibi akasimama. Hakusema kitu kwanza. Alifungua pindo la khanga, akatoa furushi la nailoni, akakaa chini na kuanza kupanga karatasi moja moja kwenye mkeka mbele ya watu. Stakabadhi zangu. Zote, tangu 1984. Nyingine zilikuwa zimefifia hadi hazisomeki, lakini alijua mpangilio wake kama mtu anavyojua watoto wake kwa kuzaliwa.

“Nimelipa miaka yote hii sijauliza kiwanja,” akasema. “Leo nauliza. Mwaka 1964 nilikuwa na mtoto mgongoni. Ziwa lilipanda likafika kwenye mkuyu huu, likauzunguka. Mnataka kuweka watoto wa watu ndani ya maji?”

Fundi akasema hayo ni ya zamani. Mzee mmoja akajibu kwamba ziwa halina zamani. Nikasema habari ya gharama ya kupandisha vifaa. Bibi akanitazama, wala si kwa hasira. “Mwanangu, tutabeba.”

Na walibeba. Mawe yalipita mkono kwa mkono kutoka kijitoni, mstari wa watu ukipinda kati ya michikichi. Mifuko ya saruji ilipanda kichwani mwa akina mama, na wavuvi wale wale waliokuwa wakilala majini wakikimbia kodi walileta mchanga kwa mitumbwi bila kulipwa senti. Nilikuwepo, nikahesabu mifuko, na kuna wakati ilinibidi nigeuke nitazame ziwa ili wasinione.

Fedha zilifuatwa benki mjini na watu watatu: mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu, na mama mmoja mjumbe. Vifaa vikubwa vilinunuliwa huko huko, na bakaa ya kulipa mafundi yule mama akaifunga kiunoni ndani ya khanga mbili, akakaa juu ya gunia la unga safari nzima hadi kunakucha, hakulala. Walipofika, fedha zilihesabiwa mkekani, mchana, mbele ya kila mtu. Ubao ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi. Mwalimu aliandika kwa chaki: saruji mifuko kadhaa, bati kadhaa, misumari kilo 20, nauli ya boti. Siku ya pili kijana mmoja mvuvi, elimu yake darasa la saba, akaja kwangu akisema amepima misumari stoo na ni kilo 14. Tulifuatilia. Kilo sita zilikuwa zimesahaulika dukani Ujiji, zikaja na boti iliyofuata. Kilo sita za misumari! Mimi niliyepeleka ofisini fedha za miaka kumi na minane sikuwahi kuona mtu akizifuatilia hivyo.

Mwaka 2003 bajeti ya serikali ilifuta kodi ya maendeleo. Nilifurahi hadi mwilini, kwa sababu sikutaka tena kusimama ufukweni usiku na mgambo. Pengo la mapato likaanza kuzibwa kwa ruzuku kutoka Hazina. Sina ugomvi na ruzuku. Mshahara wa muuguzi hauwezi kutoka kwenye karai la dagaa, na mwalo maskini haustahili shule maskini. Lakini niliona jambo likibadilika polepole mikutanoni. Watu walianza kusema “serikali imetuletea”, nao viongozi wakazoea kusikia hivyo na kushukuriwa, na macho yao yakageukia Hazina, inakotoka hundi. Hakuja tena mtu na karatasi yake kuuliza. Bibi peke yake, hadi alipofariki, alikuwa akimkatisha msemaji: “Hawakutuletea. Wamerudisha.”

Mwaka 2016 nilikuwa nimestaafu na kurudi Ujiji niliposikia Manispaa ya Kigoma/Ujiji imechaguliwa miongoni mwa serikali chache za mitaa duniani kujaribu Mpango wa Uendeshaji Shughuli za Serikali kwa Uwazi. Niliukumbuka ubao wetu wa plaiwudi. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa kwenye mpango huo. Niliumia, na sioni sababu ya kuficha kwamba niliumia.

Barabara za mji wetu nyingine sasa zina lami, na mitaro imejengwa kwa mawe na saruji, kazi ya mradi wa miji ya kimkakati uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Napita jioni, nasimama juu ya mtaro aliokuwa akiuzibua baba kwa jembe, natazama maji yanavyokimbia. Ni kazi nzuri. Vijana wanasema ni msaada. Nawaambia ni mkopo, utalipwa, na wao ndio watakaoulipa, kwa hiyo wana haki ya kushuka mtaroni na kupima unene wa zege.

Ziwa lilipanda tena. Mwaka 2021 maji yaliingia nyumba za watu Kibirizi na Ujiji, na nikapata hamu ya kwenda kuuona mwalo wangu wa zamani. Boti ilitutua mahali nisipopajua. Mkuyu ulikuwa umesimama ndani ya maji, matawi ya chini yamelowa, na pale ilipokuwa meza yangu mtoto alikuwa anaogelea. Madarasa yalikuwa juu, bati limeshika kutu kidogo, na kengele ililia nikiwa bado na viatu mkononi.

Mjukuu wa bibi yumo kwenye kamati ya shule sasa. Alinikaribisha ndani, akanipa migebuka na ugali wa muhogo, kisha akaleta furushi la nailoni. Wino umekuwa wa kijivu, lakini mwandiko ni wangu. Kwenye kila stakabadhi ya kodi, katika mstari wa “kwa ajili ya”, nimeandika neno moja tu, Maendeleo, na hakuna kingine.

Akaniuliza kama karatasi hizi zina kazi tena, maana familia inahama, maji yako hatua nane kutoka jikoni. Nikamwambia azifunge nailoni mbili, na mizigo ikianza kupanda, hizo zitangulie.