Ukuta Mmoja wa Jiko

Nyumba zetu za mwambao hazikujengwa na jiko ndani. Mwenye kuijua nyumba ya Kiswahili anaujua mpangilio wake: baraza mbele kwa wageni, ukumbi unaopita katikati, vyumba huku na huku, kisha mlango wa nyuma unaotokea uani, na huko uani, karibu na stoo na choo, ndiko lilikokaa jiko. Waliojenga hivyo hawakuwa wajinga. Moto uliokaa mbali na paa la makuti ulikuwa moto usiounguza nyumba, na moshi ulioishia uani haukulala na watoto. Tena ua ulikuwa mahali pa wanawake, ambapo mtu aliweza kuchambua mchele huku akizungumza na jirani juu ya ukuta. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kuwa mimi, niliyeliangusha jiko la mama yangu, ni miongoni mwa wale wanaoona kila cha zamani ni uchafu.

Jiko lenyewe lilikuwa Ngamiani, mjini Tanga, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Lilikuwa chumba cha hatua nne kwa tatu, kuta za mawe na udongo, bati lake jeusi tititi kwa masizi. Juu ya kuta, chini kidogo ya paa, palikuwa na matundu ya kutolea moshi. Mafiga matatu yalikuwa katika kona ya kushoto, na baadaye yakaongezewa majiko mawili ya makaa. Kulia ulikaa mtungi wa maji na kata yake. Ukuta wa nyuma ulikuwa na misumari saba, na kila msumari ulikuwa na mwenyewe: ungo, kifumbu cha kuchujia tui, upawa, mwiko mkubwa, mwiko mdogo, kawa, na wa mwisho kitambaa cha kuepulia sufuria. Kinu kilisimama nyuma ya mlango. Kibao cha mbuzi kilikunjwa na kuegemezwa chini ya msumari wa kifumbu, maana baada ya kukuna ni kuchuja.

Uzuri wake nimekwisha kuusema. Sasa niseme adha yake. Wakati wa masika tulivuka ua na bakuli la mchuzi mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili. Friji ilikaa ukumbini kwa sababu jikoni hapakuwa na umeme, na kila kitunguu kilichosahauliwa kilikuwa safari. Mimi hurudi kazini saa kumi na moja jioni, mume wangu saa kumi na mbili, na watoto hutoka shule na njaa yao. Kuwasha makaa hadi yakolee ni nusu saa kabla hujabandika chochote. Usiku watoto walisoma kwenye meza ya ukumbini nami niko uani. Akitaka kuniuliza hesabu, mmoja alikuja mlangoni na daftari, akaanza kukohoa, akarudi.

Juu ya moshi sina haja ya kusema mengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mwaka 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lakini mimi sikusukumwa na mkakati. Nilisukumwa na kikohozi cha mama, ambacho nilikuwa nakisikia kabla ya adhana ya alfajiri.

Nyumba ni ya sisi watatu, na figa moja haliinjiki chungu, hivyo niliwaandikia ndugu zangu. Dada yangu wa Korogwe aliridhia siku hiyo hiyo. Kaka yetu aliyeko Muscat alituma picha za jiko lake: kabati nyeupe kutoka ukuta hadi ukuta, sinki mbili, meza ya marumaru inayong'aa kama maji. Chini yake aliandika, "Mjengeeni Mama kama hili." Alituma na fedha pia, Mungu amlipe, nami nikaongezea zamu yangu ya upatu.

Tukamwita fundi, mzee mmoja wa Makorora ambaye hutembea na penseli sikioni na hasemi bei mpaka amalize chai. Mpango ukawa hivi: chumba cha mwisho, kinachopakana na mlango wa uani, kilichokuwa cha wavulana enzi zetu, kiwe jiko. Jiko la zamani livunjwe lote, pawe mahali pa kuanikia nguo.

Nilijifunza mengi kwa mzee yule. Nilimwonyesha mahali pa matundu ya hewa, juu, kama yalivyokuwa yale ya uani. Akatikisa kichwa. Moshi wa kuni hupanda, akasema, ndiyo maana wazee walitoboa juu. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni kama nyoka, basi tundu lake sharti liwe chini. Akatoboa mawili usawa wa sakafu, akaweka wavu kuzuia panya, na mtungi wenyewe akaujengea kijumba nje ya ukuta. Sakafu aliiinamisha kidogo kuelekea kwenye mfereji. Meza ya zege alitaka kuipandisha sentimita 90, ambacho ni kimo cha kawaida, akanipima kwa macho, akashusha hadi 85.

Wakati huo wote mama hakusema neno, na kwa wanaomjua, hiyo si dalili njema.

Mama ana miaka sabini na minane. Jicho moja lilitolewa mtoto wa jicho, likarudi kuona kidogo. La pili limechukuliwa na presha ya macho, ugonjwa ambao nuru uliyokwisha kuiondoa hairudi tena. Huona kivuli cha mtu, hamwoni mtu. Lakini alikuwa anapika. Tulilichukulia jambo hilo kama tunavyochukulia kwamba jua linachomoza. Hakuna aliyeuliza anapikaje.

Jioni moja, wiki ya pili ya ujenzi, umeme ulikatika. Mwezi haukuwapo. Ndani ya nyumba kila mtu alikuwa akipapasa, mtoto mmoja anagonga kiti, mwingine anauliza tochi iko wapi. Nilitoka uani. Jikoni palikuwa na giza isipokuwa wekundu wa makaa, na mama alikuwa akiendelea na kazi yake. Aliinuka kwenye kigoda, hatua mbili, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye msumari wa tatu, akashuka na upawa. Akachota, akaonja, akaurudisha. Akasikiliza wali. Kisha akachukua koleo, akauondoa moto wa chini, akaupalia wali makaa juu ya mfuniko, moja moja, bila kudondosha hata kaa moja. Kwake yeye giza halikuwa limeingia.

Nilikaa kwenye kizingiti. Baada ya kitambo akasema, bila kugeuka, "Huyo ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Fundi kasema keshokutwa anavunja huku."

"Ndiyo, Mama."

"Mwanangu, mimi macho yangu yako kwenye ukuta ule. Mkiuvunja, mmenipofua."

Sikuwa na jibu, na wali ulikuwa umeiva.

Usiku ule nilifikiri sana. Kule ndani nilikokuwa nikijenga, mama angesimama mbele ya moto wa buluu asiouona na usiotoa wekundu. Makaa huyajua kwa joto la kiganja. Moto wa gesi ungemjulisha ulipo kwa kumwunguza. Kibao cha mbuzi hukaliwa, hakisimamiwi; juu ya meza ya sentimita 85 kingekaliwa na nani? Na wali wa kupaliwa makaa ungepikwa wapi? Nilikuwa naondoa moshi katika kifua chake, jambo la haki kabisa, na kwa nyundo ile ile namwondoa mwenyewe katika shughuli pekee ambayo bado alikuwa mkuu wake. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu.

Jiko la kisasa, kama tunavyoliona katika picha za kaka, lina asili yake. Mwaka 1926 msanifu majengo mwanamke wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt: upana mita 1.9, urefu mita 3.4, kila kitu mahali pake, hatua za mpishi zikiwa zimehesabiwa kwa saa. Majiko kama elfu kumi ya aina hiyo yalijengwa. Mkuu wa mpango ule wa nyumba alikuwa Ernst May, ambaye mwaka 1934 alihamia huku kwetu Tanganyika akawa mkulima karibu na Arusha, kabla ya kurudia kazi yake ya usanifu mjini Nairobi. Mama huyo lilimpunguzia mwanamke hatua, na hilo ni jema. Ila lilikuwa jiko la mtu mmoja. Hapakuwa na mahali pa kigoda cha bibi, wala pa jirani aliyekuja kuazima chumvi akakaa saa nzima. Mwenyewe alikuja kusema baadaye kuwa kabla ya kulibuni hakuwahi kuendesha nyumba wala kupika. Nilimsimulia mama habari hii. Alicheka hadi akakohoa, akasema, "Ndiyo maana!"

Nikampigia kaka simu kumweleza kuwa picha zake zitafuatwa nusu. Nilitarajia ubishi. Badala yake akanyamaza, kisha akasema kwamba hata kwake lile jiko la picha ni la kuonyesha wageni na kuchemsha chai. Samaki na maandazi hukaangwa katika jiko la nje, nyuma ya nyumba, kama zilivyo nyumba nyingi za huko. Nilitamani nimwulize kwa nini hakuipiga picha hiyo, nikaona si lazima.

Fundi alipokuja keshokutwa nilimwambia avunje kuta tatu, auache wa nyuma na misumari yake, na bati alishikilie kwa nguzo. Alifikiri kidogo, akasema ukuta wa mawe na udongo ukibaki peke yake utaelemea. Akauwekea nguzo mbili za zege upande wa nyuma. Moshi sasa unatoka pande tatu na haukai. Mafiga tuliyaondoa, mama mwenyewe alisema yaondolewe, likabaki jiko moja la makaa mahali pale pale. Kuunganisha banda na mlango wa nyumba, tulijenga baraza la chini, kimo cha goti, linaloingia hadi ndani ya jiko jipya na kuishia chini ya dirisha. Juu yake mtu anaweza kukaa akakuna nazi huku mwingine amesimama kwenye sinki, wakazungumza.

Matokeo mengine sikuyatazamia. Mume wangu, ambaye katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kuingia lile jiko la uani isipokuwa kuua nyoka, sasa anaosha vyombo. Anasema zamani ilikuwa kuchuchumaa. Huenda ni kweli. Nashuku ni kweli nusu. Kijana wetu mkubwa anasukuma chapati kwenye meza ya zege huku mdogo wake akifanya hesabu upande wa pili, na hakuna aliyewaambia kuwa hiyo ni kazi ya wasichana, kwa kuwa chumba hakina historia hiyo. Friji imehamia humo. Kikohozi cha mama kimepungua, hakikuisha.

Na pua yake imekuwa mlinzi wetu. Gesi ya mtungi kwa asili haina harufu. Hutiwa harufu kiwandani makusudi ili ikivuja ijulikane. Jioni moja mama akiwa barazani alisema, "Zimeni hicho kitu." Sote watatu tuliokuwa ndani hatukuwa tumesikia harufu yoyote. Mpira ulikuwa umelegea kwenye kichwa cha mtungi. Tangu siku hiyo kila tukibadilisha mtungi huitwa yeye kwanza aje anuse, naye huja kwa mwendo wa mkaguzi.

Anapika bado, lakini si kila siku. Wali wa Ijumaa ni wake, na samaki wa kupaka. Siku nyingine mchicha na maharage hupikwa ndani na yeyote aliyewahi kurudi, naye hukaa mwisho wa baraza, chini ya dirisha, akisikiliza vitunguu na kutuambia vinaungua kabla havijaungua.

Mwezi uliopita alimwagiza fundi bila kunishirikisha. Nilirudi kazini nikakuta misumari miwili imepigiliwa katika jiko jipya, karibu na mlango, usawa wa bega lake, umbali kati yake sawasawa na ule wa uani. Alikuwa ameupima kwa shibiri. Kigae kimoja kilipasuka na ufa unaonekana mpaka leo. Msumari wa kwanza ameutundikia kifumbu. Wa pili bado hauna kitu.