Mizani ya Norrköping, Sufuria ya Ngamiani

Kazi yangu huku Uswidi ni kuzungukia wazee majumbani. Nabisha hodi, nachemsha kahawa, natandika kitanda, naondoka. Mmoja wao, hapa Norrköping, ana miaka 81 na moyo uliochoka kusukuma damu. Kila asubuhi akishatoka msalani, kabla hajanywa chochote, anapanda mizani na kuandika namba kwenye kalenda ya jikoni. Siku moja ya Novemba nikakuta namba imezungushiwa wino mwekundu. Alikuwa ameongezeka kilo mbili na ushee kwa siku tatu.

"Nimeshampigia," akaniambia, bila hofu yoyote.

Aliyepigiwa ni muuguzi wake. Alikuwa amemuuliza kuhusu pumzi, miguu na idadi ya mito anayolalia, kisha akamwambia aongeze kidonge kimoja cha Lasix kwa siku chache na apige tena Alhamisi. Alhamisi namba ikawa imeshuka. Hakuna gari la wagonjwa lililokuja wala kitanda cha wodini kilichohitajika. Kilo mbili kwa siku tatu si unene, maana hata pilau ya harusini hainenepeshi hivyo. Ni maji. Moyo ukizidiwa, figo hushikilia chumvi na maji, na mizani huyaona kabla miguu haijavimba.

Wiki hiyohiyo mama mdogo wangu, Ngamiani, Tanga, alikuwa analala amekaa, mito mitatu mgongoni, na ukanda wa kandambili umemwachia alama mguuni kama kamba. Nikipiga simu na kumwamkia, ananijibu marahaba kwa pumzi ya vipandevipande. "Nimechoka tu, mwanangu."

Hospitalini walishamwambia moyo umetanuka. Yeye akalicheka neno lenyewe, akasema moyo wake siku zote ulikuwa mkubwa, ndiyo maana kila mtu anakuja kula kwake. Maelezo mengine aliyopewa yalikuwa mawili: usile chumvi, na punguza mawazo. (Hili la mawazo nimelisikia kwa kila ugonjwa, kuanzia vidonda vya tumbo hadi presha, na sijawahi kumwona mtu aliyefundishwa namna ya kuyapunguza.) Akapewa bahasha za dawa. Miguu iliponywea, akaziacha, kwa kuwa kwake kupona ni kupona. Magoti yakamuuma, akanunua diklofenaki duka la dawa. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa za maumivu za aina hiyo huufanya mwili ushikilie chumvi na maji yaleyale ambayo Lasix inahangaika kuyatoa.

Simlaumu sista wa pale. Benchi limejaa tangu alfajiri, daftari za wagonjwa zimerundikana mezani kama za darasa zima, naye kazi aliyoachiwa ni kupima presha na kuita majina. Amesoma, anajua. Tumemnyima muda, na tumemnyima ruhusa.

Huku Uswidi muuguzi amepewa vyote viwili, na havikushuka kutoka mbinguni. Linköping, mji jirani na huu, walifungua kliniki ya moyo inayoendeshwa na wauguzi mwaka 1990. Baadaye muuguzi mtafiti Anna Strömberg na wenzake wakaipima kliniki ya aina hiyo kwa wagonjwa 106, wengi wao wazee, waliokuwa wametoka kulazwa. Nusu walirudi kwenye huduma ya kawaida, nusu wakapelekwa kwa muuguzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: baada ya miezi 12, upande wa huduma ya kawaida walikuwa wamekufa 20, upande wa muuguzi 7. Hapakuwa na dawa mpya iliyofichwa kabatini. Muuguzi alifundisha, alisikiliza, alipokea simu, na alikuwa na mwongozo uliomruhusu kurekebisha dozi.

Niliwahi kumsindikiza mzee wangu. Tulikaa karibu saa nzima. Muuguzi alichora moyo kwenye karatasi, mchoro mbaya kweli, kisha akamwomba mzee amweleze yeye, kana kwamba ndiye mgonjwa. Mzee alipokwama, muuguzi hakumkemea, akaanza upya. Akauliza anakula nini. Samaki wa kopo, soseji. Wakajadiliana kama watu wanaopatana bei sokoni, na soseji ikabaki kwa Jumamosi tu. Wanaitana kwa majina ya kwanza, kijana na mzee wa miaka 81. Mimi bado nasisimka mwili nikisikia.

Lakini kuna jambo linanikera katika mafunzo yao. Wanaita kujitunza, na maswali yao yote yanaanza na mimi: najipima, nameza, nampigia muuguzi. Kwa mzee huyu ni sawa, anapika peke yake na kula peke yake, na usiku akibanwa hana wa kumgongea ukuta. Mama mdogo hana chumvi yake mwenyewe. Sufuria ni moja, walaji tisa, na anayetia chumvi ni mkamwana wake, ambaye ni wifi yangu. Akiomba apikiwe pembeni, mtaa mzima utasema mkamwana anamtenga. Kumwambia yeye "usile chumvi" ni kumwagiza abiria apunguze mwendo wa basi. Wa kuitwa chumba cha muuguzi alikuwa wifi yangu, na ng'onda aletwe mezani ajadiliwe naye.

Wala tusiseme haya ni ya Wazungu. Rwanda, kuanzia mwaka 2006, Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health walianzisha kliniki za namna hii kwenye hospitali za wilaya, Rwinkwavu ikiwa ya mwanzo. Wauguzi walifundishwa hata kushika kipimo cha ultrasaundi, watambue moyo umeharibika kwa namna gani, na kupanga dozi. Na wagonjwa wetu si wa rika la mzee wangu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka nchi 9 za Afrika ulikuta wastani wa umri ni miaka 52, na chanzo kikubwa ni presha. Huyo ni mtu mwenye ada za shule za kulipa.

Nilituma hela wakanunua mizani ya mshale. Wiki ya kwanza watoto walimpima paka, kuku, na begi la shule. Ya pili, wifi akaihamishia uvunguni mwa kitanda chake, na tangu hapo kila asubuhi ananitumia ujumbe wa sauti. Wa juzi niliusikilizia kituo cha basi, kwenye theluji.

"Wifi, mama 64, jana 64. Chumvi siku hizi sitii, naiweka mezani, kila mtu ajitilie. Baba anaguna, lakini anakula. Sasa nilitaka kukuuliza, ikipanda hii, nimpigie nani?"