Mimi ni nani hata niongoze?

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo nimekuwa nikilisikia sana miongoni mwa vijana wenzangu, hasa sisi tuliosoma kidogo, tuliopata kazi mjini, na ambao Jumapili tunaonekana kanisani. Ukimwomba kijana awe katibu wa vijana, aongoze kikundi cha maombi au asimamie jumuiya ya mtaani kwao, jibu ni lile lile: "Hapana jamani, mimi sifai. Tafuteni mwingine."

Ukidadisi, sababu utazipata nyingi. Mmoja hajasoma chuo cha Biblia. Mwingine hawezi kuomba kwa sauti mbele za watu. Wa tatu bado hajaoa, wa nne ameokoka juzi tu, na wa tano anasema watu wa mtaani wanajua alikotoka. Wengi wao hawaongopi wala hawaringi. Kweli kabisa wanajiona hawafai.

Swali langu ni moja: je, kujiona hufai ni sababu ya kutosha ya kukataa?

Hebu twende kwa Musa, maana yeye ndiye baba wa wote waliowahi kusema "sifai". Kisa chake kiko Kutoka sura ya 3 na ya 4, na nakuomba ukisome polepole. Wakati Mungu anamwita, Musa hakuwa mtu wa maana mbele ya yeyote. Alikuwa ameua Mmisri akakimbia. Alikuwa anachunga kondoo, na hata hao kondoo hawakuwa wake, walikuwa wa mkwewe Yethro. Na hakuwa kijana. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 80. Kwa hesabu zetu za mjini, huyo ni mstaafu asiye na pensheni.

Sasa hesabu visingizio vyake. Utakuta vitano. Kwanza anauliza yeye ni nani hata aende kwa Farao. Pili anataka kujua akiulizwa jina la aliyemtuma atajibu nini. Tatu anasema hawatamwamini. Nne anasema yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito. Tano anaomba tu atumwe mtu mwingine.

Kuna jambo hapa ambalo nililisoma miaka mingi bila kuliona. Katika hoja nne za kwanza, Mungu hakukasirika. Alimjibu moja moja, kwa uvumilivu wa ajabu. Akampa ahadi, akamtajia jina lake, akampa ishara, akamkumbusha ni nani aliyeumba kinywa cha mwanadamu. Hasira imetajwa kwenye hoja ya tano tu, pale Musa alipoacha kuuliza na kuanza kutafuta mlango wa kutokea.

Umeona tofauti? Mungu hakasirishwi na mtu anayesema "siwezi". Kusema "siwezi" ni mazungumzo, na unaweza kwenda nayo mbele zake hata mara nne. Kinachomhuzunisha ni kufunga mazungumzo kwa kusema "tuma mwingine".

Na tazama jibu la lile swali la kwanza, "mimi ni nani". Siku hizi ukiuliza swali hilo kwenye semina za hamasa zinazofanyika kwenye kumbi za hoteli, mzungumzaji atakupa kipaza sauti na kukwambia: wewe ni mshindi, wewe ni simba, jiamini! Mungu hakumwambia Musa kitu kama hicho. Hakumkumbusha kwamba alilelewa kwenye jumba la Farao. Hakumsomea wasifu wake. Alimwambia tu kwamba atakuwa pamoja naye. Yaani Musa aliuliza habari za Musa, na Mungu akajibu habari za Mungu.

Ndugu yangu, mimi naona faraja kubwa sana hapo. Kama jibu lingekuwa "wewe ni hodari", basi siku ambayo si hodari kila kitu kingebomoka. Na siku hizo zipo, tena nyingi.

Lakini tusiende haraka. Kuna msemo tunaupenda sana makanisani, kwamba Mungu hawaiti wanaofaa bali huwafanya wafae wale anaowaita. Msemo ni mzuri, ila nimeona ukitumiwa vibaya. Mtu hasomi, hajiandai, anachelewa kila kikao, halafu anasema Roho atamwongoza. Huo ni uvivu uliovaa kanzu.

Kwa hiyo ni vizuri kuichunguza hii sauti inayosema "sifai". Mimi nimeigawa sehemu tatu.

Ya kwanza inasema: "Sifai kwa sababu sijui." Hii ina dawa, nayo ni kujifunza. Soma, uliza wazee, kaa karibu na anayejua. Hata Musa, akiwa tayari ameshavuka bahari, alikaa chini akafundishwa uongozi na mkwewe. Kutoka 18 inaeleza jinsi Yethro alivyomkuta akiamua kesi za watu peke yake toka asubuhi hadi jioni, akamwambia atachoka yeye na kuwachosha watu. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Musa akasikiliza. Hakusema "mimi nimeongea na Mungu kwenye kichaka, wewe utaniambia nini".

Ya pili inasema: "Sifai kwa sababu kuna jambo ninaloficha." Hii nayo isikilize, maana inaweza kuwa dhamiri yako. Paulo anapompa Timotheo sifa za askofu, katika ile barua ya kwanza sura ya 3, orodha yake ni ndefu, lakini karibu yote ni tabia. Awe na kiasi, awe mkarimu, asiwe mgomvi, asipende fedha, asiwe ameongoka karibuni. Penye kipaji ametaja uwezo wa kufundisha. Hakutaja sauti nzuri, wala cheti, wala gari. Kwa hiyo kama kinachokuzuia ni tabia, tengeneza kwanza hiyo tabia, na yule aliyeokoka juzi ana haki ya kuomba muda. Lakini kama kinachokuzuia ni sauti, cheti au gari, rafiki yangu, hicho hakimo kwenye orodha.

Ya tatu inasema: "Sifai kwa sababu watu watanionaje." Hii ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa inafanana na unyenyekevu. Ukiikwangua kidogo unakuta chini yake kuna kiburi: sitaki kuonekana nikikosea. Sisi wasomi wa mjini tunaugua sana ugonjwa huu. Tumezoea kufanya yale tu tunayoyaweza vizuri.

Naomba nimtaje mama yangu hapa. Elimu yake iliishia darasa la saba. Kwa miaka kadhaa amekuwa mwenyekiti wa jumuiya ya mtaani kwetu, na ndani ya jumuiya hiyo wamo walimu, muuguzi na afisa mmoja mstaafu wa serikali. Mama hajui kuhubiri. Barua ndefu kutoka usharikani humpa mwalimu jirani asome. Anachokijua ni daftari lake. Ni daftari la shule la kawaida, lenye majina ya kila nyumba: nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amefukuzwa ada, nani hajaonekana wiki tatu. Jumatatu hadi Jumamosi anatembea na hilo daftari. Siku moja nilimuuliza kama haogopi kuwaongoza watu waliomzidi elimu. Akanijibu, "Mwanangu, naogopa kila wiki. Ndiyo maana naomba kila wiki."

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu. Mama hajaponywa ile hofu. Amepewa kazi ya kuifanyia.

Na pengine hatutakiwi kuponywa. Mfikirie Sauli. Siku alipotangazwa mfalme alitafutwa asionekane, kumbe amejificha kwenye mizigo. Alishasema kabila lake ni dogo na jamaa yake ni ndogo kuliko zote. Sura tano tu mbele, katika 1 Samweli 15, mtu huyo huyo anajisimamishia mnara wa ukumbusho, na Samweli anamkumbusha wakati ule alipokuwa mdogo machoni pake mwenyewe. Sauli hakuharibikiwa kwa kujiona mdogo. Aliharibikiwa alipoacha.

Halafu kuna yule msemaji hodari, Haruni, aliyepewa Musa kama mdomo wake. Kipaji alikuwa nacho. Lakini Musa alipochelewa mlimani na watu wakapiga kelele, Haruni ndiye aliyewatengenezea ndama wa dhahabu. Mwenye ulimi mwepesi aliyumbishwa na umati, mwenye ulimi mzito akabaki kuwaombea. Tusivitukuze sana vipaji.

Hapa kwetu Afrika nampenda Samuel Ajayi Crowther. Alitekwa utumwani akiwa mvulana mwaka 1821 katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni Nigeria. Mwaka uliofuata meli iliyombeba ilikamatwa na jeshi la majini la Uingereza, naye akashushwa Sierra Leone akiwa huru. Alisoma, akawa mchungaji mwaka 1843, akashiriki kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba. Alipoombwa awe askofu alisita, ikabidi ashawishiwe. Mwaka 1864 akawekwa wakfu, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, na mwishoni mwa maisha yake alidharauliwa na wamisionari vijana wa Kizungu. Lakini hebu fikiria kama angeshikilia kusita kwake. Ni wangapi baada yake wangeambiwa kwamba Mwafrika hawezi?

Hilo linanipeleka kwenye jambo la mwisho, na ndilo linalonisumbua zaidi. Kiti hakibaki wazi. Kwenye kazi yangu ya uandishi nimehudhuria mikutano mingi ya uchaguzi, ya vyama, ya vikundi, hata ya makanisa. Mara nyingi wale wenye hofu njema hukaa nyuma wakisema hawafai, na asiye na hofu yoyote hunyoosha mkono. Kisha miaka inayofuata sote tunalalamika.

Biblia ina kisa cha hilo, Waamuzi sura ya 9. Abimeleki alikuwa amewaua ndugu zake ili atawale Shekemu. Yothamu, mdogo wao aliyeponea, akapanda Mlima Gerizimu na kuwapa watu mfano wa miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa. Kila mmoja ulikuwa na shughuli yake nzuri, ya mafuta, ya utamu, ya divai. Mwishowe wakauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, ukawakaribisha wote kwenye kivuli chake. Kivuli cha miiba! Sababu za ile miti mitatu ni tofauti na zako, lakini matokeo yake ni yale yale.

Basi ukiitwa, usikimbilie kukubali kwa pupa, na usikimbilie kukataa. Uliza maswali yako yote manne. Omba msaidizi kama Musa alivyopewa. Sema wazi usichokijua, ili wanaokuita wajue watakusaidia wapi. Tengeneza kinachotakiwa kutengenezwa. Halafu, kama mlango bado uko wazi na watu wanaokujua bado wanakuita, ingia na hofu yako hiyo hiyo. Itakufanya upige magoti, itakufanya uulize, itakufanya umsikilize mtu wa mwisho kwenye mstari.

Ila lile neno la tano, "tuma mwingine", naomba uliweke kando. Huyo mwingine anaweza kuwa mti wa miiba.

Mungu akutie nguvu. Amina.