Jiko la Mkaa Chumbani mwa Bibi

Hapa Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai ni miezi ya blanketi mbili. Bibi mmoja jirani wa madrasa alizoea kulala na sigiri chumbani, mlango na dirisha vimefungwa. Sisi walimu tuliiona kila tulipompelekea uji, tukanyamaza. Tena gunia la mkaa tulimpelekea sisi wenyewe, tukihesabu thawabu! Alfajiri moja ya Julai 2023 mjukuu alimkuta hajitambui. Tukamtoa nje apate hewa, tukamkimbiza hospitali, Alhamdulillahi akapona.

Sumu ya mkaa, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Aliyelala huenda asiamke. Na Mtume (s.a.w.) alishakataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala. Hadithi hiyo tunaisomesha kila mwaka.

Sasa sigiri huwashwa uani. Maji yake hutiwa kwenye chupa ya mpira, ikafungwa kanga na kuwekwa miguuni pa bibi. Mengine hutiwa kwenye themosi kwa udhu wa Alfajiri, maana alikuwa akijilazimisha maji baridi, akidhani ya moto hupunguza thawabu. Tukamsimulia habari ya Amr bin al-As, mwaka wa 8 Hijria, aliyetayamamu badala ya kuoga janaba usiku wa baridi kali, na Mtume (s.a.w.) akacheka, asimlaumu.

Bibi naye akacheka. "Basi siku zote mlikuwa wapi, maalim?"

Wanafunzi wakubwa humpitia kwa zamu baada ya Isha, kuangalia sigiri iko wapi.