Hodi ya Mwenye Nyumba

Mlango ni sehemu ndogo ya nyumba. Ukuta ni mrefu kuliko mlango, na paa ni pana kuliko vyote viwili. Lakini ukuta na paa humkinga mtu na jua, mvua na upepo. Mlango humkinga mtu na mtu mwenziwe. Jua na mvua havina masikio, kwa hivyo hakuna adabu iwezayo kufundishwa kwao. Binadamu ana masikio na ana ulimi, na adabu yake mbele ya mlango wa mwingine imewekwa katika neno moja fupi: hodi.

Neno hili hutamkwa mara nyingi kwa siku hata uzito wake husahauliwa. Asemaye hodi amekiri mambo matatu kwa pumzi moja. Amekiri kwamba ndani mna mtu. Kwamba mtu huyo ana mambo yake ambayo si ya kila jicho. Na kwamba hiari ya kufungua ni ya aliye ndani, si ya aliye nje. Ndiyo sababu wazee wetu wa pwani walitufunza kwamba hodi ni mara tatu, na asiyejibiwa mara ya tatu hurudi alikotoka pasi na kinyongo. Waashi wa zamani wa Lamu waliijenga adabu hii kwa mawe. Mgeni alipokewa katika daka, penye viti vya mawe pande mbili, na njia ya kuingilia ilipindishwa ili macho ya mpita njia yasifike uani. Nyumba zile zilimsitiri mkaaji wake hata mlango ulipokuwa wazi.

Swali ninalotaka kulitazama ni jepesi kuuliza na zito kujibu: Je, mwenye nyumba naye yampasa kupiga hodi katika nyumba aliyompangisha mtu? Wengi hujibu upesi kwamba haimpasi. Nyumba ni yake. Alinunua kiwanja, akachimba msingi, akaezeka mabati kwa jasho lake. Vipi mtu aombe ruhusa kuingia katika mali yake mwenyewe? Jibu hili lina sura ya haki, lakini methali yatuambia kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na tuingie basi.

Kodi hununua nini? Hainunui ukuta wala paa, maana mpangaji akihama havichukui. Kodi hununua muda wa kukaa kwa amani. Mtu akimkodisha mvuvi mashua kwa siku tatu, hatarajiwi kuifuata baharini usiku wa pili na kujilaza juu ya nyavu kwa sababu mbao ni zake. Mbao ni zake kweli, lakini siku zile tatu amekwisha kuziuza, na thamani yake imo mfukoni mwake. Hali kadhalika, mwenye nyumba aliyepokea kodi ya mwezi ameuza siku zote za mwezi ule. Akiingia bila idhini, anajirudishia kwa mkono wa kushoto kitu alichokiuza kwa mkono wa kulia.

Nilipomaliza masomo ya chuo cha ualimu na kupata kazi katika shule ya kutwa, nilipanga chumba mjini Voi. Kilikuwa chumba kimoja katika safu ya vyumba sita vilivyotazama ua mmoja wenye bomba moja la maji. Kodi ilikuwa shilingi 3,500 kwa mwezi, nami niliilipa kabla ya tarehe 5, na risiti zote nilizitunga katika msumari nyuma ya mlango. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwenye maneno ya upole, aliyetusalimu kila jioni na kutuuliza habari za kazi. Alikuwa na ufunguo wa pili wa kila chumba.

Udongo wa Voi ni mwekundu, tena ni shahidi asiyekula rushwa. Jioni moja nilirudi nikaona nyayo za viatu vikubwa katika sakafu niliyoipiga deki asubuhi. Zilitoka mlangoni, zikapita kando ya kitanda, zikakoma mezani. Hakuna kilichoibwa. Sufuria zilikuwa mahali pake, na fedha za matumizi zilikuwa pale pale nilipoziweka. Juma la pili nyayo zilirudi, na la tatu zikarudi tena.

Mtu ambaye hajapata kuishi hivyo aweza kuuliza: kama hakuna kilichoibwa, umedhurika nini? Nilidhurika hivi. Nilianza kukunja nguo zangu kila asubuhi kana kwamba nangoja mkaguzi. Niliondoa picha ya marehemu mama yangu juu ya meza nikaiweka sandukuni, kwa kuwa sikutaka itazamwe na macho nisiyoyajua. Nilibadilisha nguo huku nimeegemea mlango, na usiku nililala nikisikiliza kitasa. Chumba kilikuwa changu kwa risiti, lakini moyo wangu ulikuwa mgeni ndani yake. Mwizi huondoka na chombo kimoja, na vingine vikabaki kuwa vyako. Aingiaye bila hodi huviacha vyote mahali pake, na hakuna hata kimoja kinachobaki kuwa chako kama kilivyokuwa.

Hayo ningeweza kuyavumilia, kama wanavyovumilia wengi. Lililonitoa katika kimya ni jambo la mtoto wa watu. Juu ya meza yangu palikuwa na madaftari 42 ya insha. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika habari za ugonjwa wa baba yake, ugonjwa ambao jamaa zake walikuwa hawajaamua kuutangaza. Aliniandikia mimi, kwa kuwa mwalimu wake. Siku chache baadaye mwenye nyumba, akiwa ameketi barazani pamoja na wazee wenziwe, aliniita akaniuliza kama yule baba amepata nafuu. Alimtaja kwa jina. Huruma yake ilikuwa ya kweli. Lakini siri ilikuwa imekwisha kumwagika, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kesho yake nilimwendea peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu uketi."

"Mzee, nimekuja kukuomba usiingie chumbani mwangu nisipokuwapo."

"Mwalimu, mimi si mwizi. Nyumba ni yangu, na mimi natazama mali yangu tu."

"Najua wewe si mwizi, mzee. Ungekuwa mwizi ningekwenda polisi. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ni mzee wangu."

Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kisa chake. Mpangaji aliyekaa chumba kile kabla yangu alihama usiku na deni la kodi ya miezi mitatu, akaacha jiko la mkaa likiwaka na dari imeanza kuungua. Tangu siku ile mzee hakuwa na usingizi. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa shamba lake, ng'ombe wake na pensheni yake. Nilimsikiliza, na hofu yake niliiona kuwa ya haki. Lakini hofu ya haki haifanyi kila dawa yake kuwa ya haki. Moto hauzimwi kwa kusoma madaftari ya watoto.

Nilipomtajia mwanafunzi yule, aliinamisha macho akautazama mfungo wa funguo mkononi mwake. "La mtoto sikulifikiri," akasema.

Tuliandika mapatano katika ukurasa mmoja. Angekagua chumba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mchana, nami nikiwapo. Fundi akihitajiwa siku nyingine, ningepewa habari siku moja kabla. Moto ukitokea, au bomba likipasuka, au mtu akisikika akilia kwa msaada, angeingia mara moja bila kungoja, kisha angenieleza siku ile ile. Ufunguo wa pili ulitiwa katika bahasha, tukaifunga na kuweka sahihi zetu juu ya gundi. Bahasha ile aliitunza yeye, maana nyumba ilikuwa yake. Sahihi yangu ilikuwa juu yake, maana makao yalikuwa yangu. Sikuona nyayo tena. Hata hivyo, neno la barazani halikurudishika. Mwanafunzi yule hakuandika tena habari za kwao mwaka ule. Aliandika juu ya mpira na mvua.

Yafaa vijana wajue kwamba mapatano ya namna hii hayategemei wema wa mzee peke yake. Nyuma yake imesimama sheria. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 yasema katika Ibara ya 31 kwamba kila mtu ana haki ya faragha, na haki hiyo yahusu mwili wake, nyumba yake, mali yake, habari za jamaa yake na mawasiliano yake. Tena Ibara ya 20 yaeleza kwamba haki hizi huvifunga vyombo vya serikali na watu wote. Neno "watu wote" halikumwacha mwenye nyumba nje. Nayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, huhesabu katika kila mkataba wa kupangisha, hata kama haikuandikwa humo, ahadi kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake atakaa kwa amani na utulivu. Kifungu hicho hicho humpa mwenye nyumba ruhusa ya kuingia kutazama hali ya nyumba na kufanya matengenezo, lakini kwa wakati unaofaa, na pasipo kumsumbua mkaaji kupita kiasi. Sheria imewapa wote wawili, wala haikumpa mmoja vyote.

Hata deni halivunji mlango. Mwenye nyumba anayedai kodi ana njia yake ya kisheria, na kazi ya kukamata mali ya mdaiwa imewekewa madalali wenye leseni. Kubandua mabati, kung'oa mlango, au kutia kufuli juu ya kufuli ya mpangaji ili aone haya mbele ya majirani, hayo si madai bali ni fedheha. Mpangaji naye asiifanye haki yake kuwa pango la kujifichia. Alipe kodi kwa wakati, atunze alichokabidhiwa, afungue mlango siku ya ukaguzi iliyokubaliwa, na bomba likivuja aseme mapema. Adai hodi mtu ambaye naye huitika karibu.

Nchi yetu ina sababu ya kuuenzi mlango. Katika zama za ukoloni wafanyakazi wengi wa Kiafrika waliokuwa Nairobi waliishi katika vyumba vya mwajiri au vya baraza la mji, na aliyefukuzwa kazi aliweza kupoteza kitanda chake siku moja na mshahara wake. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza msako mkubwa ulioitwa Operation Anvil. Askari waliuzingira mji, wakapekua mitaa ya Waafrika, na maelfu ya watu wakachukuliwa kupelekwa vizuizini. Hodi ya siku zile ilikuwa kitako cha bunduki. Si ajabu kwamba katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliweka humo kinga ya mtu dhidi ya kupekuliwa na kuingiliwa nyumbani mwake bila idhini. Waliowahi kuamshwa kwa mateke walijua thamani ya kugongewa kwa vidole.

Huenda msomaji akasema moyoni mwake: mimi ni mwanafunzi, sina nyumba wala mpangaji, haya yananihusu nini? Yanakuhusu tangu leo. Bwenini mna sanduku lenye kufuli ndogo, na mwenzako analo lake. Nyumbani kuna daftari la dada yako na simu ya kaka yako. Shule ina wajibu wa kukagua masanduku ili kuzuia hatari, na mwalimu mwema hukagua mwenye sanduku akiwa amesimama hapo. Lakini wewe huna wajibu wa kusoma barua ya rafiki yako kwa kuwa aliisahau chini ya mto. Ajifunzaye kupiga hodi mbele ya sanduku akiwa na miaka 15 hatahitaji kufundishwa na hakimu mbele ya mlango akiwa na miaka 50.

Baadhi yenu mtakuwa wapangaji, na Mungu akijalia baadhi yenu mtajenga nyumba na kupangisha. Siku mtakayopokea kodi ya kwanza, zihesabuni fedha, andikeni risiti, kisha kumbukeni kwamba kuanzia saa ile nyumba ina wenyewe wawili: mmoja wa kuta, na mmoja wa maisha yaliyomo ndani ya kuta. Wa kuta ana haki ya kuona kuta zake ni nzima. Wa maisha ana haki ya kuulizwa kwanza. Hodi haimpunguzii mwenye mali hata tofali moja, nayo humwachia mwenziwe usingizi wake.