Ua Unaoota Haraka

Ukiuliza watu ua gani unaota haraka, wengi watakutajia mnyaa. Na ni kweli. Unakata kijiti, unachomeka ardhini, unasahau. Hautaki maji, na mbuzi hawaugusi. Lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni hospitali, tena mbio. Kwangu hilo limeuondoa, maana ua ninaoutafuta si wa kuzuia mwizi. Ni wa mama.

Mama ana miaka 81 na kumbukumbu zinamtoka. Tunakaa Kibaha, hatua chache kutoka barabara ya Morogoro, na mabasi ya Moshi yanapita hapohapo. Akiliona basi anachukua khanga yake, anatoka: anarudi kwake Marangu. Mara mbili vijana wa bodaboda wamemrudisha. Mara ya pili alikuwa ameshaanza kuvuka.

Michongoma basi? Jirani ameipanda, na mie naipenda, hata kuku hapenyi. Ila mama hupitisha mkono kwenye kila mmea anaokutana nao, kama anausalimia, na ile miiba haina salamu. Mbono nao huchipua upesi kwa kijiti tu, lakini mbegu zake ni sumu na eti zina ladha nzuri, ndo ubaya wenyewe. Siku hizi mama anaonja kila kitu.

Ukuta wa tofali usiniulize.

Nimeamua majani ya tembo. Najua, ni chakula cha ng'ombe, na kaka yangu amecheka sana kwenye simu. Lakini ukiyapanda mwanzo wa masika, miezi mitatu minne yamempita mtu kimo, na mimi sihitaji kitu cha kumzuia mama. Nahitaji asilione basi. Mbuzi wa jirani watakula mengine. Waache wale.

Upande wa ndani, kwenye kivuli, nitapanda masale. Haya hayana haraka hata kidogo. Kwa Wachaga sale ndilo mpaka wa kihamba, na ndilo jani unalompelekea mtu uliyemkosea ukiomba msamaha. Kulikataa si jambo dogo. Kaka ametuma vipande kwa basi, kwenye kiroba. Jana mama alikifungua mwenyewe, akavipanga sakafuni kwa mstari ulionyooka, akakaa upande wa ndani. Akaniuliza kama ng'ombe wameshakula.